Mkaguzi anasoma karatasi, hasomi miguu

(Mazungumzo na vijana wa vikundi vya ngoma na maigizo, Mbinga mjini. Tumepunguza salamu tu, mengine tumeyachapa kama yalivyosemwa.)



Kijiweni siku hizi mtu akitapeliwa anasema, "Jamaa kanifanyia usanii." Kigogo akiahidi lami na lami isionekane, mnasema, "Huo usanii tu." Neno hilo linaniuma kila nikilisikia. Maana wapo watu ambao usanii wao ulikuwa kusema kweli mbele ya wenye bunduki, na wengine walilipa kwa roho. Leo nataka tuwazungumze hao. Na wewe utakayesoma haya gazetini, Songea, Mbeya au Dar es Salaam, usidhani ni habari za kale. Subiri nifike mwisho.

Swali langu ni moja. Serikali ina jeshi, ina FFU, ina mashushushu, ina redio. Kwa nini iogope vijana kumi na wawili waliovaa magunia na kujipaka unga usoni?

Tuanzie hapa hapa. Shukeni kutoka milimani mpaka ziwani, mfike Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokea upande wa pili wa ziwa, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Hiyo ilikuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika vita kuu ya kwanza ya dunia. Vita ya Wazungu ikafunguliwa mlangoni kwetu. Baadaye ikachukua babu zetu, wengine askari, wengine wapagazi wa kubeba mizigo ya watu wasiowajua kwenda kuua watu wasiowajua.

Waliorudi walirudi na nini? Hawakupewa magazeti ya kuandika malalamiko. Walirudi na ngoma. Mnaijua mganda, wengine hapa mnaicheza. Kaptura nyeupe, soksi ndefu, mstari umenyooka kama rula, kapteni mbele, daktari na begi lake, nyuma ngoma kubwa na malipenga ya vibuyu. Ng'ambo ya ziwa wanaiita malipenga. Ni ndugu wa beni, ile ngoma ya gwaride iliyotoka pwani na kuenea Afrika Mashariki nzima. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975.

Sasa fikiri. Mtu mweusi mwaka 1920 haruhusiwi kuwa kapteni. Lakini Jumapili uwanjani yeye ni kapteni, ana nyota begani, anapigiwa saluti, na anamwiga bwana mkubwa jinsi anavyotembea amebinua kifua kama jogoo. Je, anamtukuza au anamcheka? Mkaguzi hajui! Wakoloni waliitilia mashaka beni, wamisionari wakaikemea, lakini hawakupata neno la kulifuta, kwa sababu neno halikuwepo. Mkaguzi anasoma karatasi, hasomi miguu.

Shikeni hapo.

NG'AMBO YA ZIWA

Ukisimama Mbamba Bay jioni hewa ikiwa safi unaiona Malawi. Mimi nikiwa mtoto tuliambiwa huko kuna mzee mmoja anayedai ziwa lote ni lake, na mwaka 1968 akadai hata nchi kavu ya kwetu. Kamuzu Banda. Wazee wetu walikuwa na hofu ya vita kila mtumbwi usioujua ulipotokea. Vita yenyewe haikuja. Lakini Banda alikuwa na vita nyingine, na watu wake.

Malawi ilipata uhuru Julai 6, 1964. Kabla ya miezi mitatu kwisha mawaziri wake walikosana naye, wakafukuzwa au wakajiuzulu, wakakimbia. Kanyama Chiume alikuja Tanzania, akakaa karibu miaka 30 na kuandika vitabu kwa Kiswahili. Yatuta Chisiza naye alikuja. Mwaka 1967 aliingia Malawi na kikundi kidogo chenye silaha, akauawa huko.

Mwaka uliofuata, 1968, Banda alipitisha sheria ya kukagua maandishi na burudani. Kitabu, filamu, mchezo wa kuigiza, vyote vipite kwenye bodi. Ukitaka kuigiza, peleka andiko kwanza, lisomwe na watu wanaotafuta kama kuna jogoo wa kwenye hadithi anayefanana na Rais. Jack Mapanje, mwalimu wa chuo kikuu na mshairi, alikamatwa Septemba 1987, akawekwa gereza la Mikuyu mpaka Mei 1991 bila kufunguliwa mashtaka. Alipotoka akahamia Uingereza.

Lakini msidhani Banda alichukia sanaa. Thubutu! Aliipenda sana. Popote alipotua, akina mama walipangwa mistari wakiwa wamevaa vitenge vyenye picha yake, wacheze na kumwimbia. Mbumba wa Kamuzu. Kukataa kulikuwa na gharama, na shamba likisubiri palizi shauri lako. Kwa hiyo serikali ile ilikuwa na kundi kubwa la maigizo kuliko wote nchini, na mwigizaji mkuu alikuwa mzee mwenye mgwisho mkononi. Ndiyo maana haikutaka kundi jingine. Ni biashara, wadogo zangu. Mwenye duka hataki duka la pili mtaani.

Ajabu ni kwamba katika nchi hiyo hiyo, miaka ya mwisho ya 1980, kijana aliyeitwa Du Chisiza alianzisha kundi la Wakhumbata. Jina la Chisiza mmelisikia sasa hivi. Yatuta alikuwa baba yake mkubwa, na Dunduzu, baba yake mzazi, alikuwa katika vinara wa kupigania uhuru, akafa katika ajali ya gari mwaka 1962. Mtoto wa ukoo huo, chini ya Banda huyo huyo, anajaza kumbi kwa michezo ya mapenzi, pombe, wazimu, watu waliovunjika. Kulikuwa na jina lake, na kila aliyekaa kwenye kiti alijua ni mtoto wa nani. Juni 1993 Wamalawi walipiga kura kuchagua vyama vingi, Mei 1994 wakamwondoa Banda. Du Chisiza alifariki mwaka 1999 akiwa bado kijana.

WALIOVUKA RUVUMA

Kusini kwetu hadithi ilikuwa ya risasi. Frelimo iliundwa Dar es Salaam Juni 1962 na vita ikaanza Septemba 1964. Wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu. Ziwani hapa Wareno waliweka jeshi lao la majini Metangula, upande wa Msumbiji.

Wamakonde walikuwa na mapiko, ngoma ya kinyago. Mtu anavaa kichwa cha mti, mwili umefunikwa wote, na hairuhusiwi kusema ni fulani. Kinyago kinaweza kuwa mzimu, kinaweza pia kuwa Mreno mwenye pua ndefu, au padri. Wote wanacheka. Sasa ofisa wa Kireno amkamate nani? Kinyago kikivuliwa kimebaki kipande cha mti.

Na wako watu wa Mueda. Juni 16, 1960 walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno, wakapigwa risasi. Baada ya uhuru wakawa wanaigiza mauaji yale pale pale mbele ya jengo lile lile. Mwanakijiji anavaa kofia ya Mreno, mwingine anakuwa mkalimani, mwingine anaanguka na kufa. Na mnajua? Wareno wao walikuwa wachekeshaji! Watu wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Ruy Guerra alitengeneza filamu ya igizo lile mwishoni mwa miaka ya 1970.

Hapa niseme jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia. Filamu ile nayo ilipita chini ya mkasi wa wakubwa wapya, wale waliopigana msituni kuleta uhuru. Walitaka historia iliyonyooka zaidi. Mkombozi akishakaa kwenye kiti naye anatafuta mkasi. Liwekeni akilini nyinyi wapenda mageuzi mnaonipigia makofi. Nitawarudia.

KAWADWA NA SERUMAGA

Wako hapa wazee ambao watoto wao au wao wenyewe walikwenda vita ya Kagera, 1978 na 1979. Wanamjua Idi Amin kwa mabomu. Waganda wa jukwaani walimjua kabla.

Byron Kawadwa alikuwa mkuu wa ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza, Kampala. Aliandika kwa Kiganda, lugha ya sokoni na ya basi, si ya wasomi peke yao. Mwanzoni mwa 1977 alikwenda Lagos na mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko, kwenye tamasha kubwa la sanaa la watu weusi duniani. Akarudi nyumbani, akachukuliwa na watu wa usalama, akauawa, pamoja na wenzake. Mtu aliyetoka kuiletea nchi sifa!

Robert Serumaga alichukua njia nyingine. Yeye alipunguza maneno mpaka yakakaribia kwisha. Mchezo wake Amayirikiti, wa mwaka 1974, ulikuwa miili inayojikunja, kelele, ngoma, watu wanaoanguka na kubebwa. Andiko la kupeleka kwa mkaguzi liko wapi? "Mtu anaanguka." Haya, futa hilo! Lakini Mganda aliyekuwa anaamka asubuhi na kukuta maiti zinaelea mtoni hakuhitaji kutafsiriwa. Mnaona? Ni mganda ya babu zenu hiyo, imevaa nguo nyingine.

Naye mwishoni alikimbia, Nairobi. Akaacha jukwaa, akaingia kwenye mapambano yenyewe, na Amin alipoanguka Aprili 1979 akawa waziri katika serikali fupi ya Yusuf Lule. Ilipoangushwa akarudi uhamishoni, akafia Nairobi mwaka 1980. Mimi sina hakika kama alifanya vizuri kubadilisha kazi. Mawaziri Uganda ilipata wengi. Akina Serumaga haikupata wengi.

KIBALI

Mtasema hiyo ni vita, na madikteta wenye damu mikononi. Haya, twende Kenya, nchi iliyokuwa na amani na watalii.

Kamiriithu, karibu na Limuru, ni kijiji kilichoanzishwa wakati wa hali ya hatari, Waingereza walipowakusanya Wakikuyu ili kuwatenga na Mau Mau. Kijiji cha vita. Mwaka 1977 wakazi wake, vibarua wa viwanda na mashamba ya chai, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kwa Kikuyu. Walianza Oktoba 2. Watu wakaja kwa malori. Novemba 16 mkuu wa wilaya akafuta kibali. Mwezi wa kumi na mbili ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi.

Angalieni sana hapo. Ngũgĩ alikuwa amekwisha kuandika vitabu vikali kwa Kiingereza, vinasomwa shuleni, hakukamatwa. Alipotia mchezo kwenye lugha ya mchuma chai, na mchuma chai mwenyewe akapanda jukwaani, ndipo lori la polisi likaja. Mwaka 1982 walijaribu tena na mchezo mwingine wakazuiwa, na Machi mwaka huo polisi walifika Kamiriithu wakalibomoa jukwaa mpaka chini. Mbao na miti! Serikali nzima inapigana na mbao!

Ngũgĩ wa Thiong'o akaenda uhamishoni, London na baadaye Marekani. Ngũgĩ wa Mĩriĩ akaenda Zimbabwe, akafanya kazi ya maigizo ya vijijini mpaka alipofariki mwaka 2008. Mĩcere Mũgo, aliyeandika na Ngũgĩ mchezo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, naye akakimbilia Zimbabwe kisha Marekani, akafariki huko mwaka 2023.

Uhamishoni si Ulaya ya kwenye picha, vijana. Mwandishi wa riwaya akihama na kalamu yake bado ana riwaya. Mtu wa jukwaa akihama ameacha nusu ya chombo chake, yaani watazamaji. Mjerumani Bertolt Brecht alimkimbia Hitler mwaka 1933. Mwaka 1939 akiwa Sweden aliandika Mama Courage, mchezo wa mama anayesukuma mkokoteni na kufanya umachinga nyuma ya majeshi, huku vita ikimla mtoto mmoja baada ya mwingine. Ulioneshwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1941. Wajerumani waliouhitaji zaidi walikuwa wako vitani wanaua na kuuawa. Na Ngaahika Ndeenda ilipanda tena jukwaani Nairobi Mei 2022. Miaka 45. Wachuma chai wengi wa lile jukwaa la kwanza hawakuwapo tena.

Mkidhani hayo yamekwisha, kumbukeni Aprili 2025, Nakuru. Wanafunzi wa kike wa shule ya Butere walikuja na mchezo Echoes of War, wa Cleophas Malala, kwenye mashindano ya shule. Mahakama ilikuwa imeshaamua waruhusiwe. Polisi walipiga mabomu ya machozi, mtunzi akakamatwa. Wasichana walipanda, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka. Mchezo hawakuucheza. Kenya nzima ikazungumza juu ya mchezo ambao hawakuucheza.

NA SISI JE?

Sisi tuna sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976. Kibali kwanza, mchezo baadaye. Baraza la Sanaa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa kwa wimbo, akaachiwa baada ya Rais wa wakati ule kusema wimbo upigwe. Vizuri, lakini jiulizeni: asingesema? Wimbo wa raia unategemea Rais ameamkaje? Aprili mwaka huo huo Roma Mkatoliki alitekwa studio Dar es Salaam na watu wasiojulikana, akaonekana baada ya siku tatu. Baadaye akahamia Marekani.

Nitawapa kisa changu pia. Nikiwa na umri wenu tulikuwa na kikundi cha vichekesho, katika mji mmoja wa kusini huku ambao sitautaja. Tulitunga mchezo wa mkulima wa kahawa. Anapeleka magunia ghalani, anapewa stakabadhi, anaambiwa malipo ya pili yatakuja. Anaoa akisubiri malipo ya pili. Anapata wajukuu akisubiri malipo ya pili. Ofisi moja ikatuita, leteni andiko. Likarudi na kalamu nyekundu juu ya mstari mmoja, ule ambao mkulima anasema hela iko kwa nani.

Usiku wa mchezo mwigizaji wetu akafika hapo, akafungua mdomo, akaikumbuka kalamu nyekundu. Akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kifua kikuu kabisa. Ukumbi ukalipuka! Kila mtu alijua jina lililokuwa ndani ya kikohozi. Usiku wa pili watu walikuja kusikiliza kikohozi. Usiku wa tatu tulikuta mlango una kufuli.

Mnacheka. Mwigizaji yule alikuwa mwalimu. Mwezi uliofuata alipata barua ya uhamisho kwenda mbali na mkewe aliyekuwa mja mzito. Hakuigiza tena maisha yake yote. Nilikutana naye akiwa mzee, nikamkumbusha kikohozi, akatabasamu kidogo tu, akaniuliza bei ya mbolea. Kwa hiyo sitasimama hapa kuwaambia muwe mashujaa. Shujaa ana watoto wanaokula.

Ila nawaambia hivi. Wengi wenu mnaitwa kucheza kiongozi akija. Mganda inapangwa juani tangu saa mbili, kigogo anafika saa nane, mnapewa soda na nauli ya kugombania. Msikatae kama mnahitaji hiyo nauli, siwahukumu. Lakini mjue pale mnafanya kazi ya mbumba wa Kamuzu. Na nyinyi wa mageuzi, niliahidi kuwarudia. Nimehudhuria mikutano yenu. Vijana wanaimba jina la mwenyekiti mara hamsini, na nikauliza mbona hakuna kichekesho hata kimoja juu ya mwenyekiti mwenyewe, nikatazamwa kama shushushu. Chama kisichovumilia kuchekwa uwanjani hakitavumilia kikiwa Ikulu.

Mambo ya kazi sasa. Kibali kiombeni kwa maandishi, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi pia, maana mdomo haupelekwi mahakamani. Igizeni kwa Kimatengo, Kinyasa na Kingoni, si Kiswahili cha redio tu, mama wa Litembo asikie bila mkalimani. Na wale wazee wa mganda waliobaki huko ziwani nendeni mkawaulize kila hatua ilikuwa inamwiga nani, kwa jina, kabla hawajaondoka nalo. Mzee mmoja wa Lituhi alinionesha ile hatua ya kuburuta mguu wa kushoto. Mimi nilidhani ni pambo. Akaniambia ni bwana shauri fulani wa Kiingereza, alikuwa kiguru, na alikuwa anawachapa watu kwa kodi.

Sasa niulizeni.